Kafaa na Maziwa

Juma lililopita alinijia mzee mmoja wa hapa Mombasa. Binti yake ameposwa na kijana wa Sagalla, karibu na Voi, mwenye dini na kazi yake. Ila ya kijana ni moja: mama wa babu wa baba yake alikuwa mjakazi katika nyumba ya ukoo wa huyo mzee.

"Sheikh, kafaa iko wapi hapo?"

Mwaka 1884 njaa ambayo Wataita waliiita Mwakisenge iliingia milimani. Misafara ya pwani ilikuwa ikipita Maungu na Ndara kwenda Taveta, na wako wazazi waliotoa watoto rehani kwa nafaka, wakitumai kuwakomboa mvua ikirudi. Mtoto huyu hakukombolewa. Alikulia Mombasa, akahesabiwa mtumwa hadi sheria ilipoufuta utumwa wa pwani mwaka 1907. Mwanawe ndiye aliyerejea Sagalla.

Nikamjibu kwa fiqhi: muungwana hawekwi rehani, wala hageuki mtumwa kwa kuuzwa. Mtume (s.a.w.) amemtaja mwenye kumuuza muungwana akala thamani yake miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama.

Jawabu ni sahihi, ila halikunipendeza. Je, angekuwa mtumwa kweli? Sitaficha kuwa vitabu vyetu vya Kishafii vimeuhesabu uungwana katika kafaa. Lakini kafaa ni haki ya binti na walii wake, na huweza kuiacha. Binti amekwisha kuiacha. Na Zayd bin Haritha, aliyetekwa mtoto akauzwa, Mtume mwenyewe alimwozesha binti wa shangazi yake.

Kisha nikamuuliza, "Babu yako alinyonyeshwa na nani?"

"Na huyo huyo. Mama yake aliugua tangu uzazi."

"Kwa muda gani?"

"Hata akaachishwa ziwa."

Basi huyo ni mama wa babu yako kwa sharia, nikamwambia, na wewe ni kitukuu chake kama alivyo baba wa kijana. Ndoa yasihi, kwani waliokuwa ndugu wa ziwa ni wale mababu wawili. Vitukuu wao si maharimu.

Alinyamaza kitambo. Kila Idi, akasema, wao huenda kumsomea Fatiha kaburini, wakimwita Mama Mtaita. Jina lake la kwao hawakupata kulijua.

Nilimwambia kwamba kijana analijua.

Hajanipa jawabu bado. Jana baada ya Alasiri aliniuliza nauli ya Voi ni kiasi gani.