Mulineti ya kuvulia: usihesabu rulemani, ulizia shaba

Watu wa Kolwezi wanazijua rulemani. Mji unaishi kwa malori, pikipiki na mashini za migodi, na fundi wa kando ya barabara anatambua rulemani mbovu kwa sikio tu. Ni ajabu basi kwamba ujuzi huo unabaki nje ya mlango mara mtu anapoingia dukani kununua mulineti, kile kifaa cha kukunjia niloni kwenye fimbo ya kuvulia. Humo ndani mnunuzi anasoma boksi: rulemani 18, rangi ya dhahabu, bei ndogo. Analipa na kuondoka na furaha.

Idadi ya rulemani haimwambii kitu. Rulemani nne au tano za chuma kisichoshika kutu, zilizofunikwa vizuri, zinashinda 18 za chuma laini ambazo maji ya msimu mmoja tu yatazimaliza. Muuzaji anaandika 18 kwa sababu namba ni rahisi kuonyesha. Ubora wa chuma hauonekani kwenye boksi.

Kwa familia nyingi za Lualaba hayo si mambo ya starehe. Ziwa Nzilo lilizaliwa miaka ya 1950, wakati Union Minière ilipoziba mto ili kupata umeme wa viwanda vyake, na leo kuna watu wanaopata chakula na karo ya shule kutoka maji hayo. Wengi wanatumia nyavu na kamba ya mkono. Anayeamua kununua fimbo na mulineti anatoa pesa ambayo ingenunua mifuko ya unga, na kifaa kikimfia mkononi hana wa kumrudishia. Tena, mto huu ukishuka kuelekea Upemba una mbenga, yule samaki wa meno marefu anayeweza kufika kilo 50. Mbenga hasomi boksi.

Mulineti inayozungumziwa hapa ni ile ambayo bobini yake yenyewe inazunguka wakati wa kurusha. Ina nguvu na inamudu niloni nene, lakini inataka mkono uliozoea: chambo kikipunguza mwendo angani na bobini ikaendelea kukimbia, niloni inajisokota kama kiota cha ndege. Ndiyo maana ina freni ya bobini, ya sumaku au ya vizito vidogo vinavyosukumwa nje na mzunguko, na ndiyo maana kidole gumba hakitoki juu yake. Anayeanza kuvua leo, na anayetafuta samaki wadogo wa ukingoni, afadhali achukue mulineti ya kawaida ambayo bobini yake haizunguki. Atatumia pesa kidogo na hatapoteza asubuhi nzima akifumua mafundo.

Kwa anayeihitaji kweli, jambo la kwanza ni magurudumu ya meno ya ndani. Mulineti nzuri huwa na gurudumu kubwa la shaba njano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Nyingi za bei ya chini zina aloi laini ya zinki, ambayo meno yake yanalika haraka mzigo ukizidi. Hapa Lualaba mtu anaweza kucheka kwa uchungu. Mukuba unapita Kasumbalesa kwa malori usiku na mchana, zinki inachimbwa Kipushi, na kinachorudi ndani ya boksi lenye rangi ya dhahabu mara nyingi hakina shaba ya kutosha kuvuta samaki mmoja mkubwa.

Kisha mwili wa kifaa. Fremu ya alumini haipindi; ya plastiki inapinda samaki anapovuta, na ikipinda magurudumu ya meno hayakutani sawasawa. Lijaribu jambo hili palepale dukani: bana bobini kwa kidole gumba, zungusha mkono wa mulineti kwa nguvu, sikiliza. Ikikwaruza ikiwa mpya, itavunjika ikiwa nzee. Kuhusu kasi, ile inayoandikwa 5.4:1 inavuta polepole lakini kwa nguvu, ya 7 kwenda juu ni ya mwenye haraka. Kwa samaki mzito wa mtoni, ya chini inatosha.

Wapo wanaosema maskini anunue ya bei ndogo, ikifa anunue nyingine. Hesabu hiyo ni mbaya. Kwenye intaneti, zile za bei ya chini zinapatikana kwa dola 30 hadi 50, na zile za majina makubwa kama Daiwa, Shimano na Abu Garcia zinaanzia karibu na dola 60, kabla ya usafiri na forodha. Mbili za bei ndogo zilizokufa tayari zimelipa moja nzuri. Ambassadeur ya Abu, iliyotoka Sweden katika miaka ileile ya 1950 ya bwawa la Nzilo, ina nakala za zamani ambazo bado zinavua, kwa sababu inafunguka kwa turnevisi na kila kipande kinabadilishwa.

Hapo wafanyabiashara wa Kolwezi wana deni kwa wateja wao. Wanaleta mulineti kwa makatoni bila kipuri hata kimoja. Kinachoanza kufa mara nyingi ni kijino kidogo kinachotembeza niloni kulia na kushoto, kipande kisichozidi ukucha, na kwa kukosa kipande hicho mulineti nzima inatupwa. Mteja aulize kama kijino kipo dukani kabla ya kutoa pesa. Wakiuliza kumi, muuzaji ataanza kukileta.

Vumbi jekundu la kiangazi ni adui mwingine, na dawa yake haina gharama kubwa: kitambaa chenye maji safi baada ya kuvua, kisha tone moja la mafuta mepesi, kama yale ya mashini ya kushona, kwenye kijino na kwenye rulemani. Grisi ya lori isiwekwe kwenye rulemani za bobini. Inazifanya nzito, chambo hakifiki mbali, na mvuvi anabaki akilaumu kifaa.