Saisi wa Ngong anahitaji cheti, si makofi ya Jumapili

Wiki jana jamaa mmoja wa mtaani kwetu Ng'ando alinipigia simu. "Buda, wewe ndio msomi wetu. Niandikie CV." Msomi! Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kulipika. Lakini nina laptop, na huku kwetu mwenye laptop ni karani, wakili na daktari.

Tukaketi. Jina, sawa. Simu, sawa. Elimu: darasa la nane. Tulipofika kwa ujuzi akanyamaza, akaangalia viatu vyake, kisha akasema, "Andika tu nafanya kazi ya farasi."

Miaka tisa, na yote imeingia kwa maneno manne.

Ukipanda matatu ya 111 kutoka tao, ukishapita Junction, uwanja wa mbio za farasi wa Ngong uko mkono wa kushoto. Umekuwa hapo tangu 1954. Kabla ya hapo farasi walikimbia upande wa Kariokor na Eastleigh, ndiyo maana huko kuna barabara iliyoitwa Racecourse ingawa siku hizi mbio pekee ni za matatu. Wengi wetu tunaujua uwanja wa Ngong kwa sababu ya tamasha za muziki. Wengine wanajua farasi wa kwenye simu tu, wale wa kompyuta, ambao vijana wanawawekea pesa usiku kucha. Farasi wa damu na nyama ana harufu, ana hasira, na ana mtu wa kumwamsha. Mtu huyo anaitwa saisi.

Jamaa yangu huamka saa kumi alfajiri. Kabla jua halijatoka ameshaosha zizi, amebadilisha nyasi za kulalia, ameangalia kwato nne za kila farasi na kuwatoa kwenda mazoezi. Farasi wa mbio ana uzito unaokaribia nusu tani, na kwa siku anaweza kunywa maji ya mitungi miwili mikubwa. Jambo ambalo sikulijua: farasi hawezi kutapika. Akila kitu kibaya, hakirudi. Tumbo likimsokota anaweza kufa usiku huohuo. Sasa daktari wa mifugo halali zizini. Anayelala karibu ni saisi, na yeye ndiye huona farasi akigeuza shingo kuangalia tumbo lake, akiparapara chini kwa mguu, akikataa chakula. Jamaa aliniambia haya kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. Nikamuuliza ameokoa wangapi. "Sijahesabu, bro."

Halafu kuna kufunza. Farasi mchanga ambaye hajawahi kubeba mtu hupandwi hivihivi kama boda. Unaanza kwa kumzoesha hatamu. Unamzungusha kwa kamba ndefu siku baada ya siku, unamwekea tandiko tupu, akilizoea mtu analala kwa tumbo juu ya mgongo wake, anashuka, anarudia. Wiki zinapita kabla mtu hajakaa wima. Ukiharakisha, farasi anakumbuka, na anakulipa. Siku ya Jumapili watu wanashangilia joki na farasi wake wakija shoti kwenye mstari wa mwisho, lakini kazi hiyo ilianza asubuhi nyingi zilizopita, na aliyeianza amesimama pembeni ameshika ndoo.

Maisha yake hufuata msimu. Mbio zikiwa zimechangamka, hakuna Jumapili ya mapumziko. Katikati ya mwaka mbio zikisimama, farasi wengine hupelekwa mashambani Naivasha kupumzika. Saisi wengine huenda nao, wengine huambiwa "tutakupigia". Shule zikifungwa anapata kibarua cha kufundisha watoto kupanda kule Karen. Kukiwa na polo Gilgil anapanda nyuma ya lori pamoja na farasi, kilomita mia na zaidi, akiwatuliza kila dereva anapofunga breki. Desemba moja alienda Diani kuwaendesha watalii ufuoni, analipwa kwa kila aliyepanda. Mvua ikianza, kazi inaongezeka maana visubi hueneza ugonjwa hatari wa farasi, kwa hivyo lazima wote wawe ndani kabla ya magharibi. Ugonjwa huo ni sababu moja kubwa inayofanya farasi wetu wapate shida kuvuka kwenda Ulaya. Jamaa naye hawezi kuvuka, ila yeye kinachomzuia ni karatasi. Anatamani kazi ya Dubai, huko farasi ni kama dini, lakini kila tangazo linauliza cheti au barua.

Mtoto anayemfundisha humwita "Anko". Mzazi humlipa mwenye shamba, na kwenye risiti hakuna jina la Anko.

Hii si stori ya jana. Beryl Markham, yule aliyeruka peke yake kwa ndege kutoka Uingereza hadi Kanada mwaka 1936, alikulia Njoro na alisoma shule kwa muda mfupi tu. Akiwa na miaka 18 alipewa leseni ya kufunza farasi wa mbio, na farasi wake wakashinda Kenya Derby zaidi ya mara moja. Aliyekuwa naye zizini miaka mingi ni arap Ruta, rafiki yake wa utotoni. Tunajua jina la Ruta kwa sababu Markham alimwandika kitabuni. Wote wawili walikuwa na mikono inayojua farasi. Mmoja ndiye aliyepewa leseni.

Kuna watakaosema huu ni mchezo wa wazungu na matajiri, tuna shida kubwa zaidi. Sawa, mchezo ni wa tajiri, lakini ajira ni ya kijana wa Ng'ando. Mwaka juzi farasi alishtuka, jamaa akaanguka, mfupa wa bega ukavunjika. Mwenye zizi alimtumia pole na nauli. Bili ya hospitali tulichanga sisi kwa M-Pesa, mia kwa mia mbili, na mathe yake akauza mbuzi. Aliambiwa yeye ni kibarua tu. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi mmoja au zaidi, si kibarua tena. Jamaa alikuwa hapo mwaka wa saba! Na sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ni ya mwaka huohuo wa 2007. Hakuna aliyemwambia.

Ninachotaka si kikubwa. NITA hupima mafundi, mwashi na makanika ambaye hajakanyaga chuo, akipita anapewa gredi. KNQA nayo inasimamia mpango wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata akiwa kazini. Wenye mazizi na Jockey Club waketi na hizo ofisi mbili, waandike kipimo cha saisi: kulisha, kwato, dalili za ugonjwa, kufunza farasi mchanga, kufundisha mpandaji. Mtihani ufanyiwe zizini, kwa Kiswahili, si kwa karatasi ya Kiingereza. Na wakati tunangoja, kila mwenye zizi aandike barua moja yenye jina, miaka na kazi, aweke sahihi. Kuandika barua hakuhitaji bajeti, na wale wenye lori la polo hawawezi kuniambia wamekosa karatasi.

Usiku huo tulifuta "kazi ya farasi". Chini ya ujuzi tukajaza ukurasa mmoja na nusu, yeye akisema, mimi nikiandika, mara mbili akinisimamisha kunirekebisha kuhusu kwato. Pale pa mdhamini, mtu wa kuthibitisha hayo yote, bado hatujaandika kitu. Jumatatu atamuuliza bosi wake.