Kabla Hujagusa Skrubu

Najua nimekuwa kimya, na najua wengi wenu huja hapa kusoma habari za kompyuta na programu. Leo nivumilieni, nataka kuzungumzia gari la kuchezea. Mwisho wa safari mtaona tuko palepale pa siku zote.

Gari lenyewe ni lori la rimoti linalotumia naitro, si betri. Ni mali ya mpwa wangu wa miaka 15, hapa Voi. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 2.5, ya mipigo miwili. Haili petroli. Hula mchanganyiko wa methanoli, naitromethani na oili, na hiyo oili iliyomo ndani ya mafuta ndiyo kilainisho chake pekee. Kwa hiyo mafuta yakipungua na hewa ikizidi, injini inapata joto na papo hapo inakosa oili. Hufa haraka.

Wakati wa likizo kijana alikwenda nalo kwa bibi yake, upande wa Wundanyi. Aliporudi likawa linachemka na kuzimika. Mimi, fundi wa programu wa miaka mingi, nikatamka hukumu bila kesi: "Umeua injini, wewe." Kijana akanyamaza.

Kisha nikaanza kazi. Siku moja nilifungua skrubu ya kabureta, nikabadilisha plagi, nikaongeza na mwendo wa injini ikiwa imesimama. Yote matatu kwa mpigo! Lori likawaka kwa moshi mwingi, lakini ukivuta mafuta linazimika. Mara nyingine injini inanguruma na magurudumu yametulia tuli. Nikasema giaboksi imekufa, nikaifungua yote juu ya mkeka. Gia zilikuwa nzima. Jumamosi mbili zikaenda hivyo, pamoja na chupa nzima ya mafuta ambayo haipatikani dukani hapa mjini.

Mwishowe tulimpelekea fundi wa bodaboda kando ya barabara. Hakuwa amewahi kuona injini ya methanoli. Hakushika bisibisi. Aliuliza tu, "Ilianza lini? Na kabla ya hapo mlifanya nini?"

Mpwa wangu akajibu. Kule mlimani lori lilikuwa zito na lenye moshi, akakaza skrubu kidogo, likaenda vizuri. Wiki mbili nimekaa na huyu kijana, sikumuuliza swali hilo hata mara moja.

Na alikuwa sahihi. Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari, Wundanyi ni zaidi ya mita 1,300. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo mafuta yaleyale yanakuwa mengi kupita kiasi na dawa yake ni kuyapunguza. Baridi ya mlimani hurudisha uzito kidogo wa hewa, lakini haifuti tofauti yote. Ukiteremka tena kupitia Mwatate hadi Voi, lazima urudishe skrubu ulipoitoa. Kosa lake lilikuwa kusahau kuirudisha, basi.

Lakini hilo halikueleza kuzimika baada ya mimi kuifungua. Fundi akachomoa mpira mdogo unaotoka kwenye sailensa kwenda kwenye tangi, akauzamisha ndani ya maji na kupuliza. Viputo! Mpira huo hupeleka presha ya moshi ili isukume mafuta. Ukipasuka, injini hupata mafuta ya kutosha ikiwa imesimama, lakini hukosa pale inapohitaji nguvu. Akakata ncha iliyopasuka, akaurudisha. Kumbe makosa yalikuwa mawili yanayofichana, na mimi nikaongeza la tatu.

Kuhusu magurudumu, alimwambia kijana ayashike yasizunguke, kisha azungushe gia kubwa kwa kidole. Ingezunguka, kosa lingekuwa mbele yake: klachi ya kuteleza imelegea au gia za ndani zimekatika. Ilikataa. Basi giaboksi haina hatia, rudi nyuma kwenye klachi ya injini. Viatu vyake vilikuwa vimelowa oili, vinateleza. Dakika mbili, bila kufungua skrubu hata moja.

Waandishi wa programu mmeshaona alichofanya. Aligawa mfumo katikati, akaondoa nusu isiyo na kosa. Sisi tumesomea jambo hilo, tuna na zana zake, halafu programu ikigoma tunabadilisha mistari mitano kwa pamoja na kusema "sasa inafanya kazi". Maoni yangu ni kwamba marekebisho usiyoweza kueleza sababu yake si marekebisho. Ni kosa jipya linalosubiri siku yake.

Rafiki zangu wananiambia ninunue la betri, niachane na usumbufu. Kwa anayetaka kucheza tu, wana haki. Lakini injini hii ndogo inafundisha kitu ambacho skrini haifundishi vizuri: ukibahatisha, unasikia na unanusa gharama yake.

Kwa hiyo utaratibu wetu sasa ni huu. Kwanza uliza nini kilibadilika. Pili, angalia vitu vya bure: kichujio cha hewa (vumbi jekundu la Voi, lilelile linalowapaka rangi ndovu wa Tsavo, hula pistoni), mipira, mafuta yaliyozeeka. Tatu, plagi. Skrubu iwe ya mwisho, robo zamu au chini ya hapo, na uandike kwenye daftari. Tone la maji juu ya kichwa cha injini likitoweka mara moja kwa mlio, zima. Na jihadharini: methanoli ni sumu, na moto wake mchana hauonekani vizuri.

Daftari analo mpwa wangu. Ukurasa wa kwanza ameandika vipimo viwili, cha Voi na cha Wundanyi. Nilimwomba radhi mbele ya yule fundi. Akacheka, akasema, "Mjomba, ungeniuliza tu."