Draiva inayodanganya ni mbaya kuliko kukosa draiva

Leo nataka kusema jambo ambalo baadhi ya watunzi wenzangu wa programu hawatalipenda. Ile draiva ndogo inayosoma joto, volti na mwendo wa feni kwenye madabodi, ambayo wengi huidharau kama zoezi la wanafunzi, ni miongoni mwa draiva ngumu kuandika vizuri. Msimbo wenyewe ni mwepesi. Kinachotushinda ni mambo ambayo watengenezaji wa madabodi wanayajua na hawayasemi, na kwa maoni yangu tumewavumilia vya kutosha.

Kwanza tuelewane ni chipu ipi. Kwenye madabodi nyingi za kompyuta za mezani kuna chipu ya aina inayoitwa Super I/O. Ndiyo iliyokuwa ikihudumia kibodi za zamani, flopi na poti ya printa, na ndani yake kuna sehemu ya kupima afya ya mashine. Wanaozitengeneza ni kampuni kama ITE ya Taiwan, na Winbond ambayo mwaka 2008 ilitenga kitengo chake kikawa Nuvoton. Kabla ya hapo kulikuwa na LM78 ya National Semiconductor. Kwa upande wa Linux, mradi wa lm_sensors umekuwa ukizifukuzia chipu hizi tangu 1998.

Kuipata chipu si kazi. Kwa zile za Winbond unaandika 0x87 mara mbili kwenye poti 0x2E, mlango unafunguka. Unasoma kitambulisho kwenye rejista 0x20 na 0x21, unachagua kitengo nambari 0x0B, kisha rejista 0x60 na 0x61 zinakupa anwani ya sehemu ya vipimo. Anayeijua C vizuri anafika hapo kwa alasiri moja. Keneli ya Linux nayo imeshakutengenezea upande wa pili: unaweka vipimo vyako chini ya /sys/class/hwmon, joto kwa sehemu za elfu za nyuzi, umeme kwa milivolti, feni kwa mizunguko kwa dakika. Programu yoyote itavisoma hapo.

Nambari zinatokea kwenye skrini, mtu anashangilia. Swali ni moja tu: je, nambari hizo ni za kweli?

Chukua volti. Chipu za rika la W83627HF na IT8712F hupima kuanzia 0 hadi volti 4 na kitu, kwa hatua za milivolti 16. Volti 12 haziwezi kuingia humo moja kwa moja, kwa hivyo mbunifu wa madabodi huweka rezista mbili za kuzigawanya. Tuseme ni kiloomu 30 na 10. Volti 12 zinafika kwenye chipu zikiwa 3. Chipu inakupa 188, unazidisha kwa 16 unapata milivolti 3008, unazidisha tena kwa 4 unapata volti 12.03. Safi kabisa. Lakini madabodi nyingine yenye chipu ile ile inaweza kutumia 28 na 10, na hapo kizidisho ni 3.8. Ukikitumia hicho kwenye madabodi ya kwanza, 188 ile ile inageuka kuwa volti 11.43. Kanuni za ATX zinaruhusu kushuka kwa asilimia 5 tu, yaani hadi 11.40. Fundi akiona 11.43 atasema pawasaplai inakata roho, na mteja atanunua nyingine. Pesa ya mtu imeenda kwa ajili ya rezista ambayo hakuna aliyemwambia mwandishi wa draiva.

Feni nazo zina vituko vyao. Chipu hizo za zamani hazihesabu mizunguko, zinahesabu muda kati ya mipigo ya feni, kwa kaunta ya biti 8. Mwendo ni 1350000 ukigawanya kwa hesabu hiyo mara kigawanyo ulichochagua. Kigawanyo kikiwa 2, feni yoyote inayozunguka chini ya mara 2650 hivi kwa dakika huijaza kaunta hadi 255, na draiva inasema feni imesimama. Feni kubwa na tulivu ya mizunguko 1200 inazunguka mbele ya macho yako, na kompyuta inakwambia imekufa! Draiva nzuri inabadilisha kigawanyo yenyewe na kusoma upya.

Joto ndilo linalochekesha zaidi. Kihisi kinaweza kuwa thamista iliyo kwenye madabodi au dayodi iliyo ndani ya prosesa, na rejista lazima iambiwe ni kipi. Pini isiyounganishwa na chochote nayo bado hutoa jibu, mara nyingi nyuzi 127 au 128 chini ya sifuri. Waraka wa chipu utakueleza kila rejista, lakini aliyeuandika hakujua madabodi ipi itaibeba chipu yake na waya gani utaunganishwa wapi. Anayejua ni aliyechora madabodi.

Kuna jambo la hatari kuliko nambari mbaya. Kusoma chipu hii ni hatua mbili: poti ya kwanza unaiandikia nambari ya rejista, ya pili unasoma jibu. Kwenye mashine nyingi BIOS nayo inaizungumzia chipu hiyo hiyo kupitia ACPI. Ikiingia katikati ya hatua zako mbili, utasoma rejista usiyoitaka, au vibaya zaidi, utaiandikia. Ndiyo maana tangu keneli 2.6.31 ya mwaka 2009, Linux hukataa kuipa draiva poti ambazo ACPI imezidai. Watu wanalalamika na kuzima ulinzi huo kwa acpi_enforce_resources=lax. Mimi nasema keneli ilifanya sawa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuchunguza vihisi kwa lm_sensors kuliharibu kumbukumbu ya EEPROM kwenye baadhi ya ThinkPad za IBM, mashine zikagoma kuwaka. Kubahatisha kwenye maunzi kuna gharama.

Atasema mtu, si wenye Windows wanaona joto lao bila shida? Programu nyingi za huko zilitegemea draiva moja ya pamoja, WinRing0, inayoiruhusu programu ya kawaida kugusa poti na kumbukumbu ya mashine moja kwa moja. Udhaifu wake ulisajiliwa kama CVE-2020-14979, na Machi 2025 Microsoft Defender ikaanza kuizuia. Hiyo ndiyo njia ya mkato, na ndiko inakofikisha.

Kwetu Kenya hili si la anasa. Kompyuta nyingi tunazonunua zilishatumika maofisini ng'ambo, zinafika na vumbi ndani na feni zilizochoka. Kwa mwalimu aliyeweka Linux kwenye chumba cha kompyuta cha shule, au mwenye saiba Mombasa kwenye joto lile, vipimo hivi ndivyo onyo la mapema kabla mashine haijajizima au kuungua. Onyo la uongo atalizoea, na siku la kweli likija atalipuuza.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Mtengenezaji wa madabodi atoe ukurasa mmoja tu: pini ipi inapima nini, rezista zake ni zipi, kihisi ni cha aina gani, feni ipi iko kwenye kiunganishi kipi. Siri gani hiyo, wakati mwenye mita ya umeme na subira anaweza kuyapata mwenyewe? Tangu keneli 5.16 ya Januari 2022, draiva ya nct6775 inaweza kupita njia ya WMI kwenye baadhi ya madabodi za ASUS badala ya kugombania poti na BIOS. Kwa hivyo njia salama inawezekana.

Na sisi watunzi tuna wajibu wetu. Draiva itoe volti iliyo kwenye pini kama ilivyo, na vizidisho vya kila madabodi vikae kwenye faili la mipangilio, kama lm_sensors inavyofanya kwa mistari yake ya compute. Pini usiyoijua usiipe jina. Na usiguse kasi ya feni mpaka uwe na hakika ni feni ipi unayoiamuru, maana ukiisimamisha ya prosesa utaijua kwa harufu. Kama huna hakika na nambari, iache nje. Mwenye mashine asiyeona kipimo atafungua kasha aangalie kwa macho yake. Aliyepewa kipimo cha uongo hatafungua.