Maoni: Ugumu wa uwanja usipimwe kwa mguu wa bingwa

KATANA – Hapa Katana hakuna uwanja wa gofu. Kijana wa Irhambi-Katana anayetaka kuuona mchezo huo kwa macho yake anavuka Ruzizi pale Bukavu, anapita msitu wa Nyungwe, na mwisho anafika Nyarutarama, ndani ya Kigali. Uwanja wa zamani wa pale ulijengwa upya, ukawa na mashimo 18, kwa mchoro wa kampuni ya Gary Player, Mwafrika Kusini aliyeshinda mara 9 yale mashindano makubwa kabisa ya gofu duniani. Akiwa na nauli zaidi, ataendelea mpaka Kampala ao Nairobi. Kinshasa pia kuna uwanja, ndani ya Gombe, na Lubumbashi kuna mtaa unaoitwa Golf. Ni mchezo wa wenye mali, hakuna wa kubisha.

Hata hivyo, ndani ya mchezo huo kuna jambo ambalo watu wa Katana, wenyeji pamoja na wakimbizi wa vita, wana haki ya kulijua. Linahusu namna ya kupima shida ya mtu mwingine.

Katika gofu, mchezaji anapiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni, kisha anaelekea shimo lingine, mpaka amalize 18. Aliyetumia mapigo machache ndiye mshindi. Viwanja havifanani: kimoja kiko mlimani, kingine pembeni ya maji, kingine kimezungukwa na miti. Kwa hiyo mchezaji hodari wa ridhaa, yule anayecheza kwa mapenzi bila kulipwa, akisafiri na kufika kwenye uwanja mgeni, swali lake la kwanza ni hili: uwanja huu ni mgumu kiasi gani?

Hapo wengi wanakosea. Kosa la kwanza ni kuangalia urefu peke yake. Muthaiga, uwanja wa Nairobi ulioanza mwaka 1913 na uliopokea mara nyingi mashindano ya Kenya Open, uko juu sana kuliko usawa wa bahari. Kule juu hewa ni nyepesi, na mpira unaruka mbali kuliko Mombasa. Mita za kwenye karatasi zinadanganya. Upande mwingine, nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda hizo za juu, zinakamata fimbo kama mkono wa mtu. Anayetoka humo kwa pigo moja amshukuru Mungu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: kupima kwa mkono wako mwenyewe. Bingwa anayepiga mpira mita 229 analiruka dimbwi bila hata kuliangalia. Akirudi kwao anasimulia kwamba uwanja ule ni mwepesi. Nyuma yake anakuja mtu wa kawaida anayepiga mita 183. Dimbwi ni lile lile, na yeye anaingia ndani yake mara mbili.

Wakubwa wa gofu waliliona kosa hilo. Chama cha gofu cha Marekani kilitengeneza kipimo kinachoitwa slopu, ambacho tangu mwaka 2020 kimo katika utaratibu mmoja wa dunia nzima. Wapimaji hawaji na kamba peke yake. Wanatembea shimo kwa shimo wakiangalia vilima, nyasi ndefu, mchanga, maji, miti na upepo. Wanaandika hata woga: je, mchezaji akisimama hapa na kutazama mbele, moyo unamwenda mbio? Halafu wanaufikiria uwanja huo huo kwa watu wawili. Wa kwanza ni bingwa wa ridhaa, yule wa mita 229. Wa pili ni mchezaji wa kawaida, yule wa mita 183. Slopu inatoka katika tofauti ya hao wawili.

Namba hiyo inaanzia 55 na kufika 155, na uwanja wa kiwango cha kawaida unapewa 113. Haisemi bingwa atateseka kiasi gani. Inasema shida inaongezeka kiasi gani kwa yule asiye na nguvu za bingwa. Na haibaki kwenye karatasi. Mchezaji asiye bingwa anapewa mapigo ya ziada, yanayoitwa handikapu, ili ashindane kwa haki. Mwenye handikapu ya 18, kwenye uwanja wa slopu 113, anapewa mapigo 18. Kwenye uwanja wa slopu 135, kwa hesabu hiyo ya slopu, anapewa 22. Uwanja ukimzidia, msaada nao unaongezeka, bila kuomba wala kupiga magoti.

Kuna mfano mwingine kutoka Jinja, Uganda, pale Nile inapotoka ziwani. Zamani viboko walikuwa wakitoka majini na kutembea juu ya uwanja wa gofu. Klabu ya pale ikajulikana mbali kwa sheria yake: mpira ukiingia ndani ya alama ya mguu wa kiboko, mchezaji anautoa bila adhabu. Si yeye aliyemwita kiboko.

Sasa rudi Katana. Tangu Februari 2025, vita vilipofika Kavumu na Bukavu, familia nyingi za Kivu Kusini zimehama, zimerudi, zimehama tena. Kila mara wanafika watu wa kupima: maji yako umbali gani, kituo cha afya kiko wapi, chakula kigawiwe pahali gani. Wanatumia viwango vinavyojulikana kwa jina la Sphere. Viwango hivyo vinasema kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na chanzo cha maji kisizidi mita 500 kutoka nyumbani. Ni viwango vizuri. Tatizo ni mguu unaovipima.

Fanya hesabu ya familia ya watu 6 iliyopokelewa na mwenyeji juu ya kilima. Lita 15 mara 6 ni lita 90. Kwa bidoni moja ya lita 20, hizo ni safari 5. Kila safari ni mita 500 kwenda na mita 500 kurudi, jumla kilometa 5 kwa siku, nusu yake ukiwa na kilo 20 kichwani ao mgongoni na kilima mbele yako. Kijana mwenye afya aliyeitembea njia hiyo mara moja, mikono mitupu, wakati wa kiangazi, ataandika kwamba maji yako karibu. Mama mwenye mtoto mchanga, anayeteleza kwenye matope na kuogopa kupita shambani kabla ya jua kutoka, ana mita 500 zile zile. Wapimaji wa gofu wangempa slopu yake. Kwenye fomu nyingi za misaada, hana.

Kuna watakaosema mashirika hayana watu wala pesa za kumpima kila mkimbizi. Ni kweli, na gofu nayo haimpimi kila mchezaji. Inachukua wawili tu, mwenye nguvu na wa kawaida, na tofauti yao inatosha kutoa namba. Kitabu cha Sphere chenyewe kinaagiza viwango vifuate hali ya pahali. Inawezekana kuifanya Katana kwa asubuhi moja: kijana mmoja na mama mmoja, ao mzee mmoja, waende njia moja, kila mtu na bidoni iliyojaa, na dakika za wote wawili ziandikwe. Kama kipimo kilifanyika Julai, kirudiwe Novemba mvua ikinyesha. Njia ya kwenda hospitali ya Fomulac ipimwe kwa mwendo wa mwanamke mwenye mimba. Na woga uandikwe, kama wanavyouandika wapimaji wa gofu.

Sheria ya kiboko nayo ina kazi hapa. Mtu aliyekimbia usiku na kupoteza kadi ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho chake, hakujichimbia shimo hilo. Jina lake lisikatwe kwenye orodha kwa sababu hana karatasi. Majirani waliokimbia naye na mwenyeji aliyempokea waulizwe, kisha aandikwe bila adhabu.

Mchezo na maisha havilingani, na hilo lisemwe wazi. Mcheza gofu ameutafuta ugumu mwenyewe na kuulipia. Uwanja wa Nyarutarama ukimshinda, jioni anaoga, anakula, anasimulia. Mama wa kule kilimani hakuchagua kitu, na kesho ana safari 5 nyingine. Kama mwenye raha amewekewa kipimo cha haki, ni aibu yeye kukikosa.

Wapimaji watakaofuata wakifika Katana, kamati za wakimbizi na wakubwa wa vijiji wawaulize jambo moja kabla ya fomu kufunguliwa: nani atatembea pamoja nao, na amebeba nini?