CHUO KIKUU NA JIRANI ZAKE

Chuo kikuu kikijengwa katikati ya maskini, nani hufaidika? Swali hili limeulizwa kwa miaka mingi katika mji wa Philadelphia, Marekani, na yaliyotokea huko yana mafunzo kwetu.

Katika miaka ya 1960, mtaa ulioitwa Black Bottom, magharibi ya mji huo, ulibomolewa ili kupisha majengo ya elimu na utafiti. Maelfu ya wakazi, wengi wao Wamarekani Weusi, walihamishwa. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilikuwa miongoni mwa wakubwa wa mpango huo. Si ajabu basi kwamba jirani zake walikitazama kama mnyonge amtazamavyo kabaila.

Mwaka 1985 baadhi ya walimu na wanafunzi wa chuo hicho walianza njia nyingine. Hawakujenga jumba la hisani. Waliingia katika shule za umma za mitaa ile. Mwaka 1992 chuo kikaunda kituo maalum cha kazi hiyo, ambacho leo kinaitwa Netter Center. Fikira yake ni nyepesi: shule ni mali ya umma, imo karibu na kila nyumba, na kila mzazi anaijua njia yake. Kwa nini basi ifungwe mara watoto watokapo darasani? Milango ikibaki wazi hata jioni, watoto husaidiwa masomo, wazazi nao hujifunza, na jamaa nzima hupata mashauri ya afya na lishe. Katika shule ya Sayre ilifunguliwa hata zahanati ya kuwatibu wenyeji. Na wanafunzi wa chuo hawaendi huko kwa matembezi: kazi hiyo imeingizwa katika masomo yao wenyewe.

Tunaisifu kazi hii, lakini hatuisifu kwa macho yaliyofumbwa. Chuo hicho, kama vyuo vingine vya namna yake nchini humo, kimesamehewa sehemu kubwa ya kodi ya majengo, na kodi hiyo ni moja ya nguzo za shule za mji. Ni mwaka 2020 tu, baada ya madai ya muda mrefu, ndipo kilipoahidi kuzipa shule hizo dola milioni 100 kwa miaka 10, ili ziondolewe asbesto na madini ya risasi. Maana yake ni wazi. Darasa la jioni ni jambo jema, lakini haliwezi kushika mahali pa haki.

Sisi Watanzania tuna sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa mwezi Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kabla hakijapanda Mlimani, kilikaribishwa katika nyumba ya wananchi. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayomtenga kijana na watu wake. Na mwaka 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wazazi waliketi katika madarasa ya watoto wao. Kwa hiyo fikira ya shule iliyo nyumba ya mtaa mzima si ngeni kwetu. Ni yetu tuliyoiacha ipoe.

Tunashauri kila chuo kikuu nchini kichague walau shule moja ya msingi iliyo jirani. Kikutane kwanza na wazazi na kamati ya shule, kiulize kabla ya kuleta. Wanafunzi wa ualimu, uganga, sheria na kilimo watumikie hapo, na utumishi huo uhesabiwe katika masomo yao, usiwe wa kupigiwa picha. Uongozi ubaki mikononi mwa wenyeji, kwa maana mgeni atakapoondoka, wao ndio watakaobaki.

Elimu iliyolipiwa kwa jasho la wananchi si zawadi, ni deni. Na dawa ya deni ni kulipa.