Riba Moja, Maana Mbili

Mwalimu wa Kisauni aliyechoka kugombea matatu kila alfajiri huwa mwepesi kusadiki maneno ya mwuza magari: toa arubuni, ondoka na gari jipya, riba ni asilimia 12 tu kwa mwaka. Mimi, ambaye kazi yangu ni maneno, naona mtego umo katika neno hilo “riba”.

Mkopo wa shilingi 1,000,000 ulipwao kila mwezi kwa miaka 3, riba ikitozwa juu ya salio linalopungua, riba yote haifiki 200,000. Asilimia iyo hiyo ikihesabiwa juu ya mkopo mzima, hata mdaiwa akiisha kulipa nusu, riba huwa 360,000. Hiyo ni karo ya mtoto, nalo neno halikubadilika!

Sheria ya Kenya ya 1968 kuhusu ununuzi wa kukodi ilimtaka mwuzaji aeleze kwa maandishi bei ya taslimu. Mnunuzi na aidai bei hiyo, kisha ajumlishe mwenyewe arubuni na malipo yote ya kila mwezi, alinganishe. Wanafunzi wa hesabu kule Likoni wangeifanya kazi hiyo kwa kipindi kimoja. Wala sioni kwa nini mifano yao iwe ya maembe daima.